Sale Mlangoni kwa Jaji

Jaji alipenda chumba chake cha mahakama kiwe baridi. Alisema mtu anayetetemeka hasemi maneno mengi. Aliniambia hivyo siku zangu za mwanzo nyumbani kwake, nikiwa nimemwegemeza mkewe kwenye mito namlisha viazi vya kuponda, kisha akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Niliajiriwa kumuuguza mkewe, kuchekea utani wa mwenye nyumba hakukuwamo kwenye mkataba.

Nyumba ilikuwa magharibi mwa Fort Worth, kwenye mtaa ambao nyasi zake hukatwa na watu wasioishi hapo. Mimi nilikuwa natoka Grand Prairie kila asubuhi na gari langu lenye kiyoyozi kibovu. Nilikuwa nimeacha zamu za hospitali kwa sababu ya mgongo, na kwa sababu ya msimamizi mmoja ambaye, kama tungeendelea kuonana mwaka ule, mmoja wetu angefikishwa mbele ya jaji mapema zaidi.

Mke wa jaji alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukakataa kusema. Macho yalibaki na akili ilibaki, na nadhani hiyo akili ndiyo iliyomtesa. Wauguzi walionitangulia aliwatemea chakula. Mimi pia alinitemea siku ya kwanza, nami nikamgombeza kwa Kiswahili kama ninavyowagombeza wanangu: "Wee bibi wee, usinichezee. Nimetoka mbali mimi. Fungua mdomo." Sijui alisikia nini. Alifungua mdomo, na tangu siku hiyo hakula tena kwa mkono wa mtu mwingine.

Kutoka chumbani kwake mpaka jikoni kulikuwa na ukumbi mrefu wenye picha, na humo ndimo nilimojifunza maisha ya jaji, maana hakuacha mtu apite bila kumsimulia. Hapa ni mtoto pekupeku mbele ya kinu cha upepo, Texas ya Magharibi, mtoto wa fundi wa pampu za visima aliyekuwa akimchapa kwa mkanda wa mashine. Mkanda huo aliusimulia kwa fahari, kama wengine wanavyosimulia shule walizosoma. Hapa ni kijana wa chuo cha sheria, mchana anauza matairi. Hapa ni mwendesha mashtaka, koti limembana, kidole kimeelekezwa kwa mtu ambaye picha haikumchukua. Na hapa ameinua mkono wa kulia anaapishwa kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, mkewe pembeni ameshika Biblia anacheka kwa mdomo mzima.

Hicho ni cheo ambacho sisi tuliokulia kwingine tunakielewa kwa shida. Rais anakuteua, Seneti inakuhoji na kukupitisha, halafu basi. Huna uchaguzi, huna mkataba, huna bosi wa kukuita ofisini. Unakaa mpaka ufe au uchoke. Huyu wetu alikuwa ameshafika umri wa kupunguziwa kesi, akapunguziwa, lakini kuchoka hakuchoka. Alipenda sana kusimulia jinsi seneta mmoja alivyomuuliza kama ana huruma. Alimjibu kwamba alikuwa amesoma sheria zote alizopewa azisome, na neno hilo alilikuta mara chache. Ukumbi mzima ulicheka, alisema, na wakampitisha bila shida.

Jioni akirudi alilegeza tai, akakaa kando ya kitanda cha mkewe, akachukua kitana na kumchana nywele. Kazi hiyo hakuniachia mimi hata siku moja. Alimchana taratibu, kwa mkono mwepesi ambao huwezi kuutegemea kwa mtu wa namna ile, na huku akimchana alimhadithia watu aliowafunga siku hiyo. Kuna mtu aliyemwomba aruhusiwe kusubiri mkewe ajifungue kwanza ndipo aripoti gerezani. "Nikamwambia mkewe alikuwa na miezi tisa ya kujipanga, na yeye pia alikuwa nayo." Bibi akafumba macho. Jaji akadhani amechoka, akamvuta shuka hadi kidevuni.

Nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu wapo watakaosoma haya na kutafuta mahali nilipoanza kumpenda. Hapapo. Nilimwandalia chai yake, nilimwita Jaji kama walivyomwita wote, na nilikuwa namchukia tangu ninapoegesha gari asubuhi mpaka ninapoliwasha jioni.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, Machame, baba yetu akafa mapema, na yule kaka ndiye niliyembeba mgongoni. Alinifuata Marekani, akapata kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, akapanga nyumba Euless na mkewe na binti zao wawili. Ni mtu mwema, na wema wake una uvivu ndani yake: hawezi kukataa. Mwenzake wa kazini alimwomba amhifadhie maboksi nyumbani kwa muda. Akayaweka chini ya kitanda cha watoto. Ndani mlikuwa na simu zilizoibwa kwenye mizigo, na alipojua zilikuwa nini hakuyatoa, kwa sababu angemwambia nini mwenzake?

Polisi wa serikali kuu walifika alfajiri, wakainua kitanda watoto wakiwa wamesimama ukutani. Mwenzake wa kazini alikuwa ameshatoweka. Kaka yangu alikiri kosa, ikabaki siku ya kusomewa adhabu. Wakili aliyepewa na mahakama alitukalisha chini akatueleza mambo mawili. La kwanza: akipewa kifungo kisichofika mwaka, au kifungo cha nje, kuna njia ya kumpigania abaki nchini na familia yake. Akipewa mwaka au zaidi, siku atakayotoka gerezani atakabidhiwa kwa uhamiaji, na safari yake itakuwa moja tu. La pili lilikuwa jina la jaji ambaye kompyuta ilimchagulia.

"I'm sorry," wakili alisema. "Hamngeweza kupata mkali zaidi ya huyu."

Alikuwa Jaji yule yule ninayemuuguzia mkewe. Mimi nabeba jina la mume wangu, kaka anabeba la baba, na hakuna mtu katika mahakama ile aliyekuwa na sababu ya kutuunganisha. Nilijua kwamba nikifungua mdomo tu, jaji atalazimika kujitoa kwenye kesi, maana huku jaji hagusi kesi ya mtu anayehusiana na nyumba yake. Sikufungua mdomo. Na nilikuwa na sababu ambayo wakili hakuwa nayo, kwa sababu wakili hakuwahi kukaa kando ya kile kitanda jioni.

Jaji alikuwa na hasira ya aina yake na kesi za maghala. Nilimsikia zaidi ya mara moja. "Mwizi mkubwa anakimbia," alimwambia mkewe, kitana kikiwa hewani, "halafu wananiletea mpumbavu aliyelalia maboksi, wanataka nimpe miaka ya mwizi." Wapumbavu aliwadharau mno kiasi cha kuwaona hawastahili gereza lake. Niliwahi kumsikia akimwachia mmoja arudi nyumbani na kazi za kufanya kwa jamii, akiguna kwamba serikali inamfanya yeye kuwa mfagiaji. Kwa hiyo nilikuwa na tumaini. Nilikaa nalo kimya, nikimlisha bibi, nikimpa jaji chai, nikitega sikio kila anapolitaja ghala.

Kosa langu, kama mnataka kuliita hivyo, ni kwamba nina mama. Alikuwa analia kila siku kwenye simu kutoka Machame, hali, halali, anasema atakufa bila kumwona mwanawe. Siku moja nikashindwa, nikamwambia: mama tulia, jaji mwenyewe namfahamu, namuuguza mkewe, nyamaza tu na usali. Mama yangu ana mambo mengi mazuri, ila kifua hana. Hata chai haijapoa, Baba Mkubwa aliyeko Stafford, pembeni ya Houston, alikuwa ananipigia.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba. Kwa mila yetu ndiye baba yetu. Amekaa Houston tangu mimi ni mtoto, amefanya kazi ya uhasibu kwenye ofisi za vioo, anavaa suti hata kwenye nyama choma, na hakuna harusi wala msiba wa Wachaga wa Texas unaokwenda bila yeye kushika kipaza sauti. Sio mtu wa kijijini asiyejua Marekani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alikuja Grand Prairie Jumapili ya wiki ile, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, na baadaye tukakaa kwangu sebuleni: yeye, Mama Mkubwa, kaka yangu na mkewe.

"Mwanangu," akaanza, "Mungu ametufungulia mlango, na wewe umesimama mlangoni umefunga na komeo. Why?"

"Baba Mkubwa, shikamoo yangu ulishaipokea, kwa hiyo nisamehe nitakachosema. Hapa jaji haendewi nyumbani. Ni kosa. Mkimwendea tu, anajitoa kwenye kesi, na lawyer akisikia ata-faint."

"Kwenda kumwomba mtu msamaha ni kosa nchi gani?"

"Nchi hii. Na hatukumkosea yeye. Tumeikosea serikali."

"Na serikali ni nani? Si yeye?" Akageukia wengine kama yuko mkutanoni. "Mimi nime-deal na wazungu miaka yote. Wanajifanya mashine, lakini ukimkalisha mmoja na heshima yake, anabaki mtu. Hatupeleki hongo. Tunapeleka sale."

Kwa asiyejua: sale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani mwa vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Mtu akikukosea, wazee wanakuja kwako na jani la sale limefungwa fundo. Ukiletewa sale hukatai. Hata kama ameua, unapokea, na ukishapokea umesamehe. Baba Mkubwa mwenyewe aliwahi kumpokea mtu aliyemchomea kahawa yake yote. Alilia huku anapokea, lakini alipokea. Aliamini jambo hilo kuliko alivyoamini sheria yoyote, na sidhani alikuwa amewahi kuona linashindwa.

"Dada," kaka yangu akasema polepole, "kwani tukijaribu tunapoteza nini?"

"Unapoteza watoto wako," nikamjibu. "Kaeni kimya. Wote. Nawaomba." Binti yake mdogo akachungulia kutoka chumbani akauliza, "Auntie, why are you yelling?" Nikamwambia sijapiga kelele bado.

Waliahidi. Baba Mkubwa alinishika bega akasema nimekuwa mmarekani sana, lakini sawa, nimesikika.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa jaji, namlisha bibi uji wa shayiri, kengele ikalia. Jaji alikuwa nyuma ya nyumba. Nilifungua mimi. Mbele yangu alisimama Baba Mkubwa na suti ya rangi ya kijivu, Mama Mkubwa na kitenge kipya na kilemba, na katikati yao chungu cha plastiki chenye mti wa sale mzima. Waliununua kwenye duka la bustani, hapa watu wanauweka sebuleni kama pambo, na kibandiko cha duka kilikuwa bado kwenye chungu. Nyumba Baba Mkubwa aliijua. Gari langu lilipokufa mwaka uliotangulia, ni yeye aliyekuwa mgeni wetu na ni yeye aliyekuja kunichukua pale. Wametoka Stafford giza halijatoka, wamekuja mwendo wote huo na mti umefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma.

"Rudini," nikasema. "Baba Mkubwa, nakuomba kwa jina la baba yangu, rudini sasa hivi."

"Nani huyo?" Sauti ya jaji nyuma yangu. Alikuja na ndara za nyumbani na udongo mikononi.

Baba Mkubwa alimjibu. Alikuwa na Kiingereza kizuri, kizito, cha mtu aliyezoea majukwaa. Alimsalimu jaji kama mzee kwa mzee. Akasema ametoka kwa watu wa mlimani, na kwao mtoto akikosa wazee hawalali. Akataja jina la kaka yangu lote, na ukoo. Akaeleza sale ni nini na anayeletewa hufanya nini. Kisha akanielekezea mkono. "Na huyu anayemlisha mkeo ni dada yake. Kwa hiyo sisi si wageni kwako. Tumeshakuwa ndugu."

Jaji alinitazama. Si kwa muda mrefu. Mama Mkubwa alikuwa ameshapiga magoti kwenye zulia la mlangoni, goti lake bovu lile, anatazama chini. Baba Mkubwa akakata jani moja, akalifunga fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Na jaji akalipokea. Akajifuta udongo kwenye suruali kwanza, akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyoona linavyotolewa. "Asanteni kwa safari," akasema. "Mwende salama." Akamsaidia Mama Mkubwa kusimama.

Walifika kwenye nyasi za jirani ndipo Mama Mkubwa akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama kutazama. Mimi nilikuwa ndani ya mlango nimeshika kijiko. Kabla hata hawajatoka Fort Worth, kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa limejaa sauti ya Baba Mkubwa: "Amepokea! Nawaambia amepokea kwa mikono miwili!" Mama analia Machame kwa furaha. Wifi yangu anapiga picha sufuria la pilau Euless. Kaka yangu alinitumia ujumbe mmoja tu: Dada, Mungu mkubwa.

Jaji aliweka lile jani juu ya meza ya ukumbini, akaingia chumba chake cha kazi, akapiga simu. Alipotoka alinikuta jikoni.

"Tangu lini unajua kesi iko kwangu?"

"Tangu mwanzo, Jaji."

"Na umemlisha mke wangu siku zote hizo ukijua."

"Alikuwa na njaa siku zote hizo," nikasema. Sikuwa na cha kupoteza tena.

Akatabasamu kidogo. Hakunifukuza. Angenifukuza vipi, nani angemlisha bibi? Alisema atajitoa kwenye kesi, atawaandikia pande zote mbili kilichotokea mlangoni kwake, na kwamba mimi na yeye hatutaizungumzia tena. Kisha akaniomba chai.

Kesi ikaenda kwa jaji mwingine, mwanamke, mgeni kwenye kiti, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Chumba chake kilikuwa na joto zuri. Alimshukuru kila mtu kwa kuja. Mwendesha mashtaka alisimama akasema kwamba familia ya mshtakiwa ilimfuata jaji wa shirikisho nyumbani kwake mwisho wa juma, ikamletea zawadi, na kumtumia mfanyakazi wa ndani kama njia. Wakili wetu alijaribu kueleza mila. Jaji yule alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema anaheshimu tamaduni zote. Akasema hata hivyo mahakama lazima ionyeshe kwamba milango yake haifunguliwi kwa namna hiyo. Miezi kumi na minane.

Wifi yangu alinigeukia akauliza, "Kumi na nane ni zaidi ya mwaka?" Anajua hesabu. Alitaka tu mtu amwambie hapana. Kaka yangu aligeuka kututafuta kwa macho, na aliyempata kwanza alikuwa Baba Mkubwa, aliyemwinulia kidole gumba.

Nilidhani Baba Mkubwa atanyong'onyea. Wapi! Haikupita hata mwezi alikuwa na hadithi. Kwamba yule mkali, ambaye kila mtu Texas anamjua, angetupa miaka mitano bila kupepesa. Kwamba sale ndiyo iliyomtoa. Kwamba ni kweli kijana atarudishwa nyumbani, lakini atarudi bado kijana, si mzee mwenye mvi. Aliisimulia kwenye harusi, akaisimulia kwenye msiba, Houston mpaka Dallas, na kila aliposimulia miaka iliongezeka. Watu walimpigia makofi. Kaka yangu akiwa ndani alipewa hadithi hiyo kwenye simu ya gereza, na akamshukuru. Alimshukuru, jamani. Nilipoisikia shukrani hiyo nilitaka kuvunja kitu.

Jioni moja jaji alikuwa anamchana mkewe. Mimi nilikuwa nakunja mashuka upande wa pili wa kitanda. Alikuwa hajalitaja jambo hilo tangu siku ya chai.

"Ndugu yako alipewa ngapi?"

Alijua. Wanasoma hizo habari kabla yetu. "Kumi na minane," nikasema.

"Mm." Kitana kikapita, kikarudi. "Mimi ningempa kifungo cha nje. Ripoti yake nilikuwa nimeshaisoma. Mpumbavu wa maboksi. Nilikuwa nimeamua tangu Ijumaa, kabla ya ule mti."

Niliendelea kukunja shuka. Mikono ilijua kazi yake. Nikamuuliza kwa nini ananiambia.

"Nilidhani ungependa kujua," akasema, na akapuliza nywele zilizobaki kwenye kitana.

Bibi alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi, si yeye. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Labda alikuwa anajua kwamba ni kweli, jaji alikuwa amemhadithia ile Ijumaa baada ya mimi kuondoka. Labda alikuwa anajua kwamba ni uongo, na anamjua mumewe. Ulimi hakuwa nao wa kuniambia. Mimi mpaka leo sijui. Mtu anayepunguza joto la chumba ili watu watetemeke anaweza kusema kweli kwa ukatili, na anaweza kutunga uongo kwa ukatili huo huo, kwa kuwa tu mtu yuko pale anakunja mashuka.

Nilimalizia mashuka. Nilimlisha bibi chakula chake cha jioni, nikamfuta mdomo, nikaaga. Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ile, joto la mchana bado limejaa humo, nikampigia Baba Mkubwa.

Alipokea akiwa na furaha. Alikuwa amepanga kunipigia, alisema. Kuna familia moja pale Houston, watu wazuri wa kutoka Rombo, kijana wao ana kesi, wamesikia habari zetu na wamemwomba awasaidie kwenda kumwona jaji. Alikuwa ameshanunua mti.

"Baba Mkubwa," nikasema, "Jaji ameniambia alichokuwa ameamua. Alikuwa anampa kifungo cha nje. Mtoto alikuwa anarudi Euless siku ile ile, kwa wanawe."

"Alikuwa... lini?"

"Ijumaa. Ninyi mlikuja Jumamosi."

Nililisema polepole, kila neno peke yake. Ningeweza kusema nimelisema kwa ajili ya ile familia ya Rombo, ili kijana wao asiponzwe, na ni kweli lilimponya kijana huyo, maana hawakwenda. Lakini sikuwa namfikiria kijana wa watu. Nilikuwa namsikia mzee akipumua kwenye simu, na nilisikia raha. Nyuma yake Mama Mkubwa alikuwa anauliza, "Nani huyo? Anasemaje?" Akauliza tena.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie na yeye. Ndiye aliyepiga kigelegele."

Kisha Baba Mkubwa akazungumza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye kipaza sauti chochote, ndogo, ya mtu anayeomba.

"Mwanangu, una hakika? Una hakika alisema kweli?"

Nikamwambia nina hakika.